"Sikukusudia": Uhakiki wa Neno Moja la Sheria, Likisomwa Nachingwea na Ruangwa

Kila mwaka tunapofika kwenye sura ya 35 ya kitabu cha Hesabu, katika somo la Agano la Kale, tunaona jambo lile lile likitokea darasani. Wanafunzi hupita upesi juu ya ile miji sita ya makimbilio, hutaja majina yake, kisha hufika kwa Kristo aliye kimbilio letu kabla hawajauliza ni nani aliyekuwa akikimbia, alikuwa amefanya nini, na nyuma yake alikuwa anakuja nani. Hatusemi kwamba njia hiyo ya kusoma ni kosa. Waraka kwa Waebrania wenyewe huzungumza juu ya watu waliolikimbilia tumaini lililowekwa mbele yao. Lakini anayefika haraka mno kwenye mfano huwa ameiacha sheria nyuma, na sura ile kwanza ni sheria. Inahusu mtu aliyemuua mwenzake bila kutaka, na inauliza jamii imtendee nini.

Mwinjilisti anayetumika katika vijiji vya Nachingwea au Ruangwa hawezi kupita upesi namna hiyo. Huko swali hili si la darasani. Nachingwea inajulikana kwa mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kushindwa, na kwa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Mambo hayo yamo vitabuni. Yasiyomo vitabuni ni usiku wa mkulima wa mihogo, mahindi na mtama, ambaye mazao yakianza kukomaa huhamia shambani na kulala katika dungu, kwa sababu nguruwe mwitu wakiingia usiku mmoja tu humwachia mashina yaliyong'olewa na njaa ya mwaka mzima. Anayelinda hana budi kukesha, na anayekesha hana budi kutembea gizani. Wataalamu wakiongozwa na Craig Packer, katika jarida la Nature la mwaka 2005, walieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini Tanzania, na kwamba mikoa ya kusini mashariki, Lindi ikiwamo, iliumizwa kuliko mingine. Sababu mojawapo waliyoitaja ni hiyo hiyo: nguruwe huwavuta watu kulala mashambani, na huwavuta simba pia kuwafuata nguruwe. Mlinzi wa shamba basi anaogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, na mkononi ana gobole.

Ni lazima tulieleze gobole kidogo, kwa maana wengi wa wasomaji wetu wamelelewa mijini. Ni bunduki inayopakiwa kwa mdomo, mara nyingi kazi ya mhunzi wa kijijini, yenye baruti na vipande vya chuma ambavyo vikitoka hutawanyika. Haifiki mbali wala hailengi sawasawa. Kuipakia upya huchukua muda, na mnyama aliyejeruhiwa hangoji. Kwa hiyo anayeitumia husogea karibu, hungoja, na kisha hupiga mara moja anapoona majani yakitikisika au macho yaking'aa katika mwanga wa kurunzi. Majani hutikiswa na nguruwe. Hutikiswa pia na jirani anayevuka mpaka wa shamba, na mwindaji mwenzake aliyezunguka upande wa pili ili kuwakinga wanyama. Hapo ndipo ajali hutokea, na hapo ndipo neno ambalo ni somo la uhakiki wetu hutamkwa kwa mara ya kwanza: sikukusudia.

Tunadai kwamba neno hili linatumika katika vitabu viwili kwa maana mbili zinazopingana, na kwamba watu wanahukumiwa katikati ya maana hizo bila kujua.

Katika Biblia yetu ya Kiswahili, yule asiyekusudia ndiye anayefunguliwa lango la mji. Msikilizaji wa neno la Mungu amelisikia hivyo tangu Shule ya Jumapili: aliyekusudia atauawa, asiyekusudia ataokolewa. Katika lugha ya mahakama zetu, "kuua bila kukusudia" si utetezi hata kidogo. Ni jina la kosa. Kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu, kwa namba zilizozoeleka, kinamhesabia kosa hilo kila anayesababisha kifo kwa tendo lisilo halali, au kwa uzembe mkubwa katika wajibu wa kulinda uhai; na kifungu cha 198 kinaruhusu adhabu ifike hadi kifungo cha maisha. Tumtazame basi kijana aliyempiga mwenzake katika shamba la mahindi. Anaposimama na kusema kwa machozi kwamba ni kweli amemuua lakini hakukusudia, yeye anadhani ameeleza kutokuwa na hatia kwake. Wanaoandika wanasikia mtu anayekiri kosa la kifungu cha 195. Hakuna aliyemdanganya, ni lugha tu iliyomfikisha hapo.

Na sheria yenyewe inayo maneno mengine ambayo yangemfaa zaidi, lakini hayajapata Kiswahili cha kila siku. Kifungu cha 10 kinasema, kwa maana yake, kwamba mtu hawajibiki kwa jinai kwa tukio lililotokea kwa ajali, isipokuwa pale ambapo sheria imezungumza wazi juu ya uzembe. Kifungu cha 11 kinakwenda mbali zaidi. Kinamhusu mtu aliyetenda akiamini, kwa moyo mweupe na kwa sababu za kuridhisha, kwamba hali ya mambo ilikuwa vingine kuliko ilivyokuwa. Mtu huyo hawajibiki kupita kiasi ambacho angewajibika kama mambo yangekuwa kweli kama alivyoamini. Tuyasome maneno hayo taratibu. Kama aliyepiga aliamini kwamba kilichokuwa mbele yake ni nguruwe, na kama kila mwenye akili timamu angeamini hivyo mahali pale na saa ile, basi hatia yake ni ile ya kumpiga nguruwe. Kama alikuwa na kibali, hana hatia. Kama hakuwa nacho, ana hatia ya kuwinda bila kibali. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtambua pia anayemuua mnyama katika kutetea uhai au mali.

Ingekuwa vema kama tungeweza kuishia hapo. Lakini katika Kanuni hiyo hiyo, kifungu cha 200, ambacho kinaeleza ni nini dhamira ovu inayogeuza kifo kuwa mauaji ya kukusudia, kinahesabu miongoni mwa dhamira hizo nia ya kutenda kosa lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka 3. Sasa gobole lisilosajiliwa ni kosa la namna hiyo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na baadhi ya makosa ya uwindaji haramu ni ya namna hiyo pia. Ikisomwa herufi kwa herufi, aya hiyo ingeweza kumchukua mlinzi wa shamba ambaye hajawahi kumchukia mtu na kumweka mahali pa muuaji, kwa sababu tu ya karatasi ambayo bunduki yake haina. Hivyo kifungu cha 11 kinamvuta mtu huyu kuelekea faini ya nguruwe, na kifungu cha 200 kinamvuta kuelekea kamba. Mtu ni yule yule, usiku ni ule ule, risasi ni ile ile.

Hatusemi kwamba mahakama husoma hivyo. Majaji wetu wengi wana busara kuliko herufi. Lakini mhakiki huhukumu andiko kwa kile linachoruhusu, na andiko hili linaruhusu umaskini uhesabiwe kuwa nia mbaya. Mwenye bunduki ya leseni, aliyelipia kibali cha uwindaji, akipiga kwa uzembe ule ule, aya hiyo haimgusi. Wala historia yake si siri. Kanuni hii iliandikwa mwaka 1930 chini ya utawala wa Mwingereza, kwa kufuata kielelezo cha Queensland huko Australia, na jirani zetu wa Kenya walipewa karibu maneno yale yale mwaka ule ule. Waliyoiandika hawakuwa wakimfikiria mtu wa Nandagala au Mnero anayelinda mihogo.

Kati ya herufi na hukumu kuna kitu cha tatu, nacho ni muda. Kwa kuwa mtu amekufa kwa bunduki, mshtakiwa mara nyingi hushtakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia, na shtaka hilo halina dhamana. Ni Mahakama Kuu yenye mamlaka juu yake, na kwa mikoa ya Lindi na Mtwara masjala yake iko Mtwara. Mahakama za wilaya husoma shtaka na kuahirisha, zikingoja upelelezi ukamilike. Kisha huja siku ambapo shtaka linapunguzwa kuwa kuua bila kukusudia, mshtakiwa anakiri, na hakimu au jaji anahesabu miaka aliyokwisha kukaa mahabusu. Mwongozo wa Utoaji Adhabu wa mwaka 2023 umesaidia kuweka ngazi: kosa la uzito wa juu ni miaka 10 hadi maisha, la kati ni miaka 4 hadi 10, na la chini linaanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4. Tunauheshimu mwongozo huo. Kwa ngazi hiyo ya chini ajali ya shambani inaweza kumalizika kwa mtu kurudi nyumbani siku ile ile. Lakini huyu anayerudi amekwisha kutumikia kifungo ambacho hakuna aliyekipima, na wakati huo shamba alilokuwa akililinda limeliwa.

Tumekuwa tukitafuta hukumu ambayo ingetuonyesha mizani hii ikiwa imeinamia upande wa pili, na tumeipata Kenya. Mwezi Mei mwaka 2006, katika ranchi ya Soysambu katika Bonde la Ufa, Thomas Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Delamere, alimpiga risasi Robert Njoya, fundi wa mawe, ambaye pamoja na wenzake alikuwa na mbwa na swala waliyemwinda bila ruhusa. Mwaka mmoja kabla, katika ranchi hiyo hiyo, alikuwa amempiga na kumuua askari wa wanyamapori, Samson ole Sisina, na Mwanasheria Mkuu aliliondoa shtaka lile kabla kesi haijasikilizwa. Safari hii kesi ilikwenda. Mshtakiwa alisema alilenga mbwa. Mwezi Mei mwaka 2009 Jaji Muga Apondi aliona kwamba dhamira ovu haikuthibitishwa, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na akampa miezi 8 juu ya ile karibu miaka 3 aliyokuwa ameshakaa gerezani Kamiti. Miongoni mwa mambo aliyoyatia katika mizani ni kwamba mshtakiwa alijaribu kumpa majeruhi huduma ya kwanza na kumtafutia njia ya kufika hospitali.

Watu wengi walikasirika, na wengi wa wanafunzi wetu hukasirika wakisimuliwa. Sisi tunaomba tusome kwa uangalifu zaidi ya hasira. Kama hoja ya jaji ni sahihi, kwamba mtu aliyelenga mbwa na kumpata mtu, akasimama, akamfunga jeraha, akatafuta gari, hastahili kuoza gerezani, basi ni sahihi kwa kila mtu. Miezi 8 baada ya miaka 3 si kitu cha kudharau. Kinachotuumiza katika hukumu ile ni swali ambalo haikulazimika kulijibu. Njoya ndiye aliyekuwa akivunja sheria ya wanyama siku ile. Je, kama gobole lingekuwa mkononi mwake, na kwa kumlenga mbwa akampata mwenye ranchi, ni nani angezungumza juu ya huduma ya kwanza? Mwindaji asiye na kibali hukimbia. Hukimbia si kwa sababu ana moyo mbaya, bali kwa sababu kubaki kando ya majeruhi ni kubaki kando ya ushahidi wa kosa jingine. Na kukimbia kwake kunasomwa baadaye kuwa dalili ya nia. Sheria inamnyima njia ya kutenda lile tendo moja ambalo lingempunguzia adhabu.

Kwa mbali kidogo na kwetu, tarehe 11 Februari 2006, miezi 3 kabla ya kifo cha Njoya, Makamu wa Rais wa Marekani, Dick Cheney, alimpiga usoni na kifuani rafiki yake Harry Whittington walipokuwa wakiwinda kware huko Texas. Hakuna shtaka lililofunguliwa. Whittington, akitoka hospitali, ndiye aliyeomba radhi kwa usumbufu uliompata Makamu wa Rais. Tunalitaja jambo hili kama pembeni tu, ila lile la majeruhi kuomba radhi limekaa nasi.

Lakini kuna ajali moja ya uwindaji ambayo kwa watumishi wa Kanisa ina faida kuliko zote hizi, nayo tunashangaa kwamba haifundishwi. Mwezi Julai mwaka 1621 George Abbot, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikuwa akiwinda paa dume katika bustani ya Bramshill huko Hampshire. Alifyatua upinde wake wa mtambo, na mshale ukampata mlinzi wa bustani, Peter Hawkins, mkononi. Mshipa ukakatika, na yule mlinzi akafa kwa kuvuja damu. Uchunguzi wa wakati ule ulisema ni bahati mbaya, na kwamba marehemu alikuwa ameonywa asipite mbele ya wawindaji. Mahakama ya dunia ikawa imemaliza. Kanisa ndilo halikuweza kumaliza. Je, mchungaji ambaye mikono yake imemwaga damu, hata bila kutaka, anaweza kuendelea kuwekea wengine mikono? Tume iliundwa, wajumbe wake hawakukubaliana. Maaskofu wateule kadhaa, wakiwamo John Williams na William Laud, walikataa kuwekwa wakfu naye. Mfalme James alimpa msamaha na kumwondolea kizuizi, na Abbot akarudi kazini. Lakini maisha yake yote yaliyobaki alifunga siku moja ya Jumanne kila mwezi kwa ajili ya tukio lile, na mjane wa Hawkins alimwekea pauni 20 kwa mwaka.

Tunaona hapa mambo ambayo Kanuni ya Adhabu haina nafasi ya kuyaweka. Abbot hakuwa na hatia mbele ya sheria, na hata hivyo hakujihesabu kuwa mtu ambaye jambo halijampata. Hakujiita muuaji, wala hakujiita msafi. Na alikumbuka kwamba kuna mjane. Katika kesi ya Serikali dhidi ya mshtakiwa, mjane ni shahidi, kama ana la kushuhudia, kisha anakwenda nyumbani. Sheria inampa hakimu uwezo wa kuamuru fidia, lakini fidia kutoka kwa mtu ambaye mali yake ni jembe na gobole lililokwisha kutaifishwa ni maandishi tu. Katika wilaya hizi hizi, mume akiuawa na simba, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kutoka serikalini. Mume akiuawa na jirani aliyekuwa akimtafuta nguruwe, hakuna mfuko wa kumfuta mtu machozi. Mahali shambani panaweza kuwa pale pale, na nguruwe waliowatoa wote wawili nyumbani ni wale wale.

Turudi sasa kwenye Torati, tuihakiki nayo bila kuionea haya. Kwanza, inajua kutofautisha vizuri kuliko tunavyodhani. Katika Kutoka 21 anayekingiwa ni yule ambaye hakuvizia, na kitenzi cha Kiebrania cha kuvizia kinakaribiana sana kwa sauti na kile cha kuwinda, ingawa kamusi huyaweka mahali pawili. Muuaji ni yule anayemwinda mtu. Mwindaji wetu alikuwa akiwinda, lakini si mtu. Kumbukumbu la Torati 19 linatoa mfano wa kazi halisi, watu wawili msituni na shoka linalochomoka mpinini, na linajali jambo ambalo watunga sheria wengi hawalikumbuki, yaani umbali. Barabara zitengenezwe, nchi igawanywe sehemu 3, ili anayekimbia asipatwe njiani kwa sababu tu mji uko mbali. Mtu anayesafirishwa kutoka Ruangwa kwenda kusikiliza tarehe nyingine ya kuahirishwa angeielewa aya ile kuliko wafafanuzi wengi. Tena Hesabu 35 inasema hukumu hiyo ni moja kwa Mwisraeli, mgeni na mpitaji. Hakuna kifungu kinachouliza kama shoka lilikuwa na leseni.

Lakini Torati haimwachii huru. Hili ndilo tunalolipita tunapokimbilia mfano. Asiyekusudia anapoteza nyumba yake, shamba lake na ukoo wake, na haruhusiwi kulipa fedha ili arudi mapema. Atakaa humo mpaka kuhani mkuu afe. Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa andiko lenyewe, na hatuoni sababu ya kuuficha. Urefu wa uhamisho hautegemei uzito wa uzembe wake. Aliyekimbia wakati kuhani ni mzee atarudi mwakani. Aliyekimbia wakati kuhani ni kijana atazeekea ugenini. Warabi waliliona jambo hili. Mishna inasimulia kwamba mama za makuhani wakuu waliwapelekea wakimbizi wale chakula na nguo, ili wasiombe watoto wao wafe. Ni simulizi ya kuchekesha na ya kusikitisha kwa pamoja, na anayewafahamu mahabusu wanaongoja kikao cha Mahakama Kuu hataiona kuwa ya kale sana. Nao muda wao hupimwa kwa mambo yasiyo na uhusiano na walichotenda: faili, fedha za kikao, mpelelezi aliyehamishwa. Na sura ile, kwa ukamilifu wake wote, haisemi neno juu ya mjane wa aliyeuawa. Inamtaja mlipiza kisasi cha damu, yaani mwanamume wa ukoo. Abbot alisoma Agano la Kale kama sisi, lakini pauni 20 hakuzitoa katika Hesabu 35.

Linabaki Kanisa letu. Katika sharika nyingi aliyeua, kwa namna yoyote, huzuiwa kwanza asishiriki Meza ya Bwana, kisha wazee wa kanisa hungoja mahakama iseme. Ikisema ana hatia ya kuua bila kukusudia, anaandikwa kuwa muuaji aliyetubu. Ikimwachia, anarudishwa kundini kimya kimya bila maungamo wala maombi yoyote juu yake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa maoni yetu njia zote mbili zinaiachia Serikali kazi ambayo Luther, katika kutenganisha tawala mbili za Mungu, hakuiachia. Serikali inauliza anastahili adhabu gani. Usharika una maswali mengine: anabeba nini, na nani ambebee pamoja naye, na ni nani atakayelima shamba la mjane msimu ujao. Mwenye kumpiga mwenzake gizani, hata sheria ikimwachia, hulala na jambo lile. Kumwambia tu kwamba hana hatia ni kumwacha peke yake nalo. Na kumwita muuaji ni kusema uongo madhabahuni. Hatujui ibada iliyoandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hii katika vitabu vyetu vinavyotumika, na tunadhani kazi hiyo ingefaa kufanywa na watu wa kusini wenyewe, ambao miongoni mwao wako Waislamu wengi wenye desturi zao za upatanisho na za kubeba msiba wa jirani. Tungekosea kama tungeandika ibada hiyo bila kuketi nao.

Wengine watatupinga wakisema kwamba tunawatetea wenye silaha haramu. Hoja hiyo ina nguvu. Gobole likitoka kijijini, mtu huyu asingekufa. Na Serikali ilipotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha, kama ilivyofanya mwaka 2023, wachungaji walipaswa kuutangaza kanisani kwa sauti kuliko matangazo ya harambee. Tunakubali pia kwamba aliyepiga bila kuhakiki anachokipiga ametenda uzembe, na Torati iliyoamuru ukingo juu ya dari isingempongeza. Lakini anayetaka gobole liondoke hana budi kujibu ni nini kitakachosimama kati ya nguruwe na mihogo usiku wa kesho. Mpaka hapo jibu litakapopatikana, watu watawinda, na baadhi yao watakosea.

Jambo la mwisho ni dogo, na ni la kazi. Mshtakiwa wa mauaji akifika Mahakama Kuu hupewa wakili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeongeza njia nyingine za msaada. Lakini neno lile la kwanza haliandikwi Mahakama Kuu. Huandikwa kituo cha polisi katika maelezo ya onyo, na mara nyingi mbele ya mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, siku ya pili au ya tatu baada ya tukio, wakati mtu hajala wala hajalala. Hapo anaulizwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Anayeketi upande wa pili wa meza anaandika anachokisikia. Mtu huyu anatakiwa kusema alikuwa wapi, mwezi ulikuwa umeandama au la, aliona nini, alidhani ni nini, alikuwa umbali gani, aliita au hakuita, na baada ya mlio alifanya nini. Kwa maana hayo ndiyo ambayo kifungu cha 10 na cha 11 vinayauliza. Badala yake, akiwa amefundishwa na mahubiri yetu, anasema neno moja tu, na karatasi inafungwa.

Siku zile mbili tatu, mwinjilisti wa mtaa huwa ameshafika kituoni na chakula.